Kwa nini mkongwe mmoja anaagwa kwa nyimbo na mwingine anazomewa?

NambaSita
Wakuu, habari za leo. Jambo hili limenikaa kichwani tangu dirisha la usajili la 2025 na bado halijaniachia.

Angalieni walioondoka kipindi kimoja. Kevin De Bruyne aliiacha Manchester City baada ya miaka 10. Thomas Müller aliondoka Bayern, alikoingia akiwa mtoto mwaka 2000. Luka Modrić alitoka Real Madrid na makombe 28. Jamie Vardy aliiaga Leicester akiwa na mechi 500 na mabao 200. Son Heung-min naye Tottenham. Wote hao walisindikizwa kwa nyimbo, mabango na machozi. Mmoja tu ndiye aliyezomewa na watu wake, tena akiwa bado ndani ya jezi yao: Trent Alexander-Arnold wa Liverpool, uwanjani kwao Anfield, tarehe 11 Mei, mechi na Arsenal. Ubingwa wa ligi ulikuwa na wiki mbili tu tangu upatikane, na yeye alikuwa sehemu yake.

Mimi ni Liverpool. Siku ile niliwakasirikia waliozomea, na nilimkasirikia yeye pia, hasira mbili ndani ya dakika moja. Hoja yangu ni hii: mashabiki tunamlilia anayeachwa na klabu, tunamchukia anayetuacha. De Bruyne hakupewa mkataba mpya. Müller vilevile. Trent klabu ilimtaka abaki, yeye akasubiri mkataba uishe aende Real Madrid. Mengine yote, pesa, heshima, namna ya kuaga, tunayaongeza baadaye ili hasira yetu ionekane ina sababu. Nani anabisha?

RafuNyepesi
Nabisha mimi, na ushahidi uko humo humo kwenu. Fernando Torres alikuwa mtoto wa Atlético Madrid, nahodha akiwa na miaka 19. Mwaka 2007 alikuja Liverpool kwa ridhaa yake, hakufukuzwa na mtu. Aliporudi Atlético mwaka 2015, zaidi ya watu 40,000 walikwenda uwanjani kumpokea, na siku hiyo hapakuwa na mechi. Huyu aliondoka mwenyewe. Mbona hakuchukiwa?

Na nyie mlivyompokea 2007 mlikuwa mnacheka tu. Hakuna aliyeuliza watu wa Atlético wamelalaje.

KipaWaAkiba
Rafu umeeleza nusu. Torres huyo huyo alipotoka Liverpool kwenda Chelsea, 31 Januari 2011, kwa pauni milioni 50, jezi zake zilichomwa moto. Mtu mmoja, ameondoka mara mbili kwa hiari yake, na mara mbili hizo hazikufanana hata kidogo. Kwa hiyo suala la nani amemwacha nani halitoshi. Angalia alikokwenda. Kutoka Atlético kwenda England hukutani tena na waliokulea. Kutoka Liverpool kwenda Chelsea unamwongezea nguvu yule yule mnayegombea naye nafasi kila msimu.

SoksiChini
Figo. Jina moja linatosha. Barcelona kwenda Real Madrid mwaka 2000, aliporudi Camp Nou kwa mara ya kwanza wakamrushia kichwa cha nguruwe.

KipaWaAkiba
Soksi, si mara ya kwanza. Mara ya kwanza ilikuwa Oktoba 2000, na hapo palikuwa na kelele za kuziba masikio. Kichwa cha nguruwe ni Novemba 2002, wakati anakwenda kupiga kona, na mwamuzi alilazimika kusimamisha mchezo zaidi ya dakika 10. Miaka miwili imepita na hasira imezidi badala ya kupoa.

SoksiChini
Sawa mkuu, hapo ndipo hoja inapata nguvu. Tunaambiwa kila siku muda unaponya. Kwa Figo muda uliongeza chumvi.

DadaWinga
Habari zenu. Mimi ni Arsenal na nina kesi mbili zinazobomoa hoja ya KipaWaAkiba ya "angalia alikokwenda".

Ya kwanza, Robin van Persie. Miaka minane kwetu, mingi kati ya hiyo akiwa majeruhi, tukamvumilia. Msimu wa 2011/12 akapona, akafunga mabao 30 ya ligi. Kisha akatangaza hadharani kwamba hatasaini mkataba mpya, akaenda Manchester United, na mwaka wa kwanza tu akawa bingwa na mabao 26. Nilikuwa nikiona jina lake kwenye kikosi nazima runinga. Siyo kwamba nilimtakia mabaya. Sikutaka kuona anavyofurahi.

Ya pili, Vivianne Miedema. Alikuja Arsenal 2017, akatufungia mabao kwa msimu mmoja baada ya mwingine, akaumia goti vibaya, akarudi. Mwaka 2024 klabu ikaamua haimpi mkataba mwingine. Akaenda Manchester City, ambao ni wapinzani wetu wakubwa kwenye ligi ya wanawake, na mechi ya kwanza kabisa ya msimu akaja uwanjani kwetu Emirates akatufunga. Hakushangilia. Mimi sikumchukia hata sekunde moja. Hasira yangu yote iliwaangukia viongozi wa klabu yangu.

Wote wawili walikwenda kwa wapinzani wa moja kwa moja, na wote wawili walitufunga. Mmoja nilimchukia, mwingine nilimuonea huruma. NambaSita yuko sahihi: tofauti ni nani aliyekata kamba.

NambaSita
Asante dada. Hiyo ya Miedema sikuwa nayo kichwani kabisa.

BekiKushoto
Ngojeni kwanza. Mimi ni Tottenham, na katika mambo ya kuondokewa nadhani tuna haki ya kuzungumza.

Harry Kane aliingia akademi yetu mwaka 2004 akiwa na miaka 11. Alifunga mabao 280, hakuna mwingine aliyefika hapo katika historia ya klabu. Agosti 2023 akaenda Bayern. Aliondoka mwenyewe, NambaSita. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja, angeweza kusaini, alitaka kwenda. Kwa hoja yako tungepaswa kumchukia. Lakini nenda kamuulize shabiki yeyote wa Spurs, atakwambia tulikuwa tunaangalia matokeo ya Bayern kama vile nasi tuna hisa huko. Msimu wake wa kwanza Bayern hawakupata kombe lolote, na mimi niliumia kwa ajili yake, nikasema jamani hata huko?

Kisha ukaja Mei 2025. Mwanzoni mwa mwezi Kane akawa bingwa wa Ujerumani, kombe lake la kwanza. Tarehe 21 mwezi huo huo sisi tukaifunga Manchester United 1-0 Bilbao, tukachukua Ligi ya Europa, Son akalinyanyua kama nahodha. Nililia. Na katikati ya kulia nikamkumbuka Kane, nikahisi kama kuna mtu wa nyumbani ambaye hakufika kwenye harusi. Miaka yote ile aliyotubeba, na siku yenyewe hayupo.

Sasa linganisheni na Sol Campbell. Naye alilelewa kwetu, naye alikuwa nahodha. Mwaka 2001 akamaliza mkataba, akaenda Arsenal bila klabu kupata hata senti. Mwaka uliofuata akachukua ligi na Kombe la FA pamoja. Yule hajasamehewa mpaka kesho. Kwa hiyo mimi naweka hoja ya tatu mezani: umetuachia nini? Kane alituachia zaidi ya euro milioni 100 kwa hesabu zilizotangazwa. Campbell alituachia pengo kwenye ulinzi.

RafuNyepesi
Beki, Campbell alikwenda kwa jirani yako wa damu. Hata angewaachia benki nzima mngemchukia. Usichanganye mambo.

BekiKushoto
Ningemchukia, sikatai. Lakini ningemchukia nikiwa na beki mwingine wa kumnunua.

DakikaZaNyongeza
Hoja ya pesa inamhusu Trent pia. Real Madrid walilipa kiasi kidogo tu ili aachiliwe mwezi mmoja kabla mkataba haujaisha, awahi Kombe la Dunia la Klabu. Beki wa miaka 26, aliyelelewa na klabu tangu ana miaka 6, kwa bei ya mchezaji wa akiba. Mashabiki wengi walikwama hapo.

MzeeWaJukwaa
Vijana salaam. Mnazungumza kama vile kuondoka bure ni sheria ya tangu enzi. Kabla ya Desemba 1995, kabla ya hukumu ya Bosman, mchezaji wa Ulaya hata mkataba ukiisha klabu ilikuwa bado inadai ada ya uhamisho. Alikuwa hawezi kuchukua begi lake akaondoka. Ndiyo maana enzi zile hasira za mashabiki zilikuwa zinakwenda kwa mwenye klabu.

Mfano mzuri ni Roberto Baggio. Mwaka 1990 Fiorentina walimuuza Juventus. Florence kulitokea ghasia mitaani, watu wakaumia. Walikuwa wanawapigia kelele wamiliki, na Baggio mwenyewe hakutaka kwenda. Aprili 1991 akarudi Florence na jezi ya Juventus. Ikapatikana penati, akakataa kuipiga. Akapiga mwenzake, ikaokolewa, Juventus wakafungwa 1-0. Alipotolewa, ikarushwa skafu ya Fiorentina, akaiokota. Mashabiki wa Juventus nao wakawa na donge lao. Hilo hamjaligusa: mkongwe anapohama, kuna upande wa pili unaompokea, nao wana hisia zao mchanganyiko. Wanamtazama wanajiuliza kama moyo umekuja naye.

Kwa hiyo mtu wa siku hizi anazomewa kwa sababu siku hizi ana uwezo wa kuamua. Zamani hakuwa nao. Uhuru wake umemletea lawama.

SoksiChini
Mzee umenifungua macho. Na yule Denis Law aliyeishusha Manchester United daraja kwa kisigino akiwa City, naye ni enzi hizo hizo?

MzeeWaJukwaa
Hapana, Law ni mapema zaidi, Aprili 1974. Na hakuishusha United. Hadithi hiyo imeenea sana. Alifunga kwa kisigino, City wakashinda 1-0 Old Trafford, mashabiki wakaingia uwanjani na mechi ikavunjwa. Lakini matokeo ya viwanja vingine siku hiyo yalikuwa tayari yanaishusha United hata kama bao lile lisingeingia. Law alikaa United miaka 11, na mwaka 1973 wao wenyewe ndio waliomwachia bure. Alipofunga alisimama tu, mikono chini, uso wa mtu aliyefiwa, akatolewa nje hapo hapo.

Na United hawakumchukia. Amechongewa sanamu Old Trafford. Alipofariki Januari 2025 waliomboleza pande zote mbili za jiji.

NambaSita
Mzee, huyo ni wangu! Aliachwa, hakuondoka. Bao la dabi, siku ya kushuka daraja, na bado wanampenda. Hoja yangu imesimama.

KipaWaAkiba
Imesimama kwa mguu mmoja. Kane, na Torres wa 2007, bado hujawajibu.

DakikaZaNyongeza
Mimi naona wote mnaizunguka hoja kuu. Ni uwazi. Shabiki anaweza kukubali karibu kila kitu ila kudanganywa.

Chukueni Dortmund. Aprili 2013, siku moja kabla ya nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa na Real Madrid, habari ikatoka kwamba Mario Götze anakwenda Bayern kwa euro milioni 37. Mtoto wa akademi yao. Timu yake inajiandaa na mechi kubwa kuliko zote za miaka mingi, na mtu ameshauzwa kwa mpinzani mkubwa. Mashabiki walichanganyikiwa kwa hasira. Januari 2014 Robert Lewandowski naye akatangazwa kwenda Bayern hiyo hiyo, tena bure, na alicheza miezi yote iliyobaki akifunga mabao na watu wakimshangilia. Kwa hoja ya Kipa, alikokwenda ni kule kule. Kwa hoja ya BekiKushoto, huyu hakuacha hata senti, Götze aliacha milioni 37. Ilipaswa kuwa kinyume!

Tofauti ni kwamba Lewandowski kila mtu alijua mapema anaondoka. Hakuna aliyeshtukizwa.

DadaWinga
Au tofauti ni kwamba Götze alikuwa mtoto wa nyumbani na Lewandowski alinunuliwa kutoka Lech Poznań akiwa mtu mzima. Mtoto ukimlea mwenyewe unamdai zaidi. Trent ni mtoto wa nyumbani. Campbell ni mtoto wa nyumbani. Hapo utaona mstari unaungana.

BekiKushoto
Na Kane ni mtoto wa nyumbani, dada.

DadaWinga
Kane ana kinga yake: mlijua hamtampa kombe, mkamruhusu akalitafute. Trent kombe alikuwa nalo mkononi. Alishinda Ligi ya Mabingwa 2019, ligi mara mbili, alikuwa na kila kitu. Kane alikimbia ukame. Trent alitoka kwenye mvua.

RafuNyepesi
Dada hapo umeua. NambaSita njoo ujibu.

NambaSita
Nakuja. Kwanza nimjibu DakikaZaNyongeza, kwa sababu amenigusa kidonda.

Msimu mzima wa 2024/25 tulikuwa na watatu ambao mikataba inaisha: Salah, Van Dijk na Trent. Salah alikuwa anasema wazi kwa waandishi kwamba hajapewa ofa ya kumridhisha. Tulijua anachofikiri. Aprili yeye na Van Dijk wakasaini. Trent alinyamaza mpaka Mei. Halafu Juni, siku ya kutambulishwa Madrid, akasimama akahutubia kwa Kihispania. Kihispania kizuri tu. Mimi niliisikiliza ile hotuba mpaka mwisho na kilichoniuma hakikuwa maneno yake, maana yalikuwa ya kawaida. Kiliniuma nilipoanza kuhesabu nyuma: hiki alianza kujifunza lini? Wakati tunacheza na nani? Kile alichokuwa anakifanya ni cha heshima kwa waajiri wake wapya, mtu mwenye bidii. Lakini mimi nilikuwa nimekaa upande mwingine wa bidii hiyo.

Kwa hiyo ndiyo, uwazi una uzito. Ila nasema hivi: angekuwa muwazi Septemba, angezomewa kuanzia Septemba. Ukimya ulimnunulia ubingwa wa amani. Na pengine alinyamaza kwa ajili ya timu. Sijui nimlaumu kwa lipi.

MamaKombe
Nimewasoma wote tangu mwanzo. Mimi ni Real Madrid na nitasema jambo ambalo halitawapendeza.

Iker Casillas. Aliingia klabu akiwa na miaka 9, akacheza mechi 725 za timu kubwa, Ligi ya Mabingwa tatu. Miaka yake miwili mitatu ya mwisho sehemu ya Bernabéu ilikuwa inampigia miluzi, nyumbani, akiwa na kitambaa cha unahodha mkononi. Julai 2015 akaenda Porto. Siku ya kuaga alikaa peke yake mbele ya waandishi, hakuna kiongozi pembeni, anasoma karatasi na machozi yanamtoka. Kelele za aibu zilikuwa kubwa kiasi kwamba kesho yake klabu ikaandaa sherehe nyingine na rais akiwepo. Na uwanjani kesho yake walikuja watu kuimba jina lake. Wengine kati yao ni wale wale wa miluzi. Nawajua, mmoja ni wa familia yangu, alikuwa anasema "aende zake" kila Jumapili, na siku ile hakula.

Kwa hiyo NambaSita, si kweli kwamba tunamlilia aliyeachwa kwa sababu ya upendo. Wengi tunalia kwa majuto. Tunajua tulimtendea vibaya alipokuwepo, na siku anayoondoka ndiyo siku ya mwisho ya kurekebisha. Anayeondoka mwenyewe akiwa bado bora hatudai majuto yoyote. Ndiyo maana tunajipa ruhusa ya kumzomea.

SoksiChini
Mama, hii imeniingia. Mimi nilikuwa naona tunalilia umri wetu tu. Mchezaji aliyeanza ukiwa shuleni akiondoka na wewe una watoto, unaona miaka ilivyokwenda.

RafuNyepesi
Soksi, kama ni umri basi Paolo Maldini ungemweka wapi? Misimu 25, mechi 902, klabu moja tu maisha yake yote, Milan. Hakumwacha mtu. Tarehe 24 Mei 2009, mechi yake ya mwisho San Siro, anazunguka uwanja kuaga, kundi la mashabiki wa Milan wakampigia miluzi na kuinua mabango ya kumsifu Franco Baresi. Ugomvi wa zamani kati yake na wale wenye msimamo mkali. Wiki moja baadaye akacheza mechi ya mwisho kabisa Florence, ugenini, na watu wa Fiorentina wakasimama kumpigia makofi.

Hakuondoka, hakuachwa, hakwenda kwa mpinzani, hakuna pesa, hakuna uongo. Na alizomewa. Haya, wekeni kwenye hoja zenu.

KipaWaAkiba
Tofauti ni kwamba lile lilikuwa kundi dogo lenye kisasi chake, uwanja karibu wote ulikuwa naye. Huwezi kuupima umma kwa watu wa kona moja.

RafuNyepesi
Na Anfield je? Waliozomea walikuwa wote?

NambaSita
Hapana, hawakuwa wote. Walikuwa wengi kiasi cha kusikika vizuri kila anapogusa mpira, na kulikuwa na waliojaribu kuwafunika kwa makofi. Wiki mbili baadaye, siku ya kukabidhiwa kombe, mechi na Crystal Palace, alipoingia alipokelewa vizuri zaidi. Watu wale wale, uwanja ule ule. Novemba aliporudi na Madrid, tukawafunga 1-0, yeye akaingia mwishoni na kelele zikarudi. Kupanda na kushuka.

DadaWinga
De Bruyne alirudi City Septemba hiyo hiyo ya 2025 na Napoli. Mwenzake akapewa kadi nyekundu, kocha akamtoa yeye dakika ya 26 ili aingize beki. Fikiria: umerudi nyumbani kwa mara ya kwanza, unacheza dakika 26. Uwanja mzima ulimpigia makofi akitoka. Mimi si wa City na nilimsikitikia.

DakikaZaNyongeza
Swali dogo wadau, kidogo nje ya mada. Mkongwe akiifunga timu yake ya zamani, ashangilie asishangilie? Lampard alikaa Chelsea miaka 13, mabao 211, Septemba 2014 akaingia na jezi ya City akawasawazishia Chelsea dakika ya 85, akasimama tu. Mashabiki wa Chelsea wakaimba jina lake. Mimi naona kutoshangilia ni kuwanyima haki wanaokulipa sasa.

BekiKushoto
Asishangilie. Si kwa miaka 13.

RafuNyepesi
Ashangilie. Umefunga, umefunga. Kama inauma sana usipige golini.

MzeeWaJukwaa
Rafu, kuna aliyefunga na kulia. Gabriel Batistuta, miaka tisa Fiorentina, aliteremka nao daraja 1993 akabaki akawapandisha. Mwaka 2000 akaenda Roma. Novemba mwaka huo akaifunga Fiorentina bao la pekee la mechi, shuti kali la mbali, wenzake wanamrukia na yeye machozi yanamtoka.

DadaWinga
Na pointi tatu zikabaki Roma, mzee wangu. Yale machozi waliyaweka wapi watu wa Florence? Naheshimu alivyojisikia, lakini msimu ule Roma walichukua ubingwa.

MzeeWaJukwaa
Dada, mwaka huo huo wa 2001 Fiorentina nao walichukua Kombe la Italia. Na 2014 wakamwingiza Batistuta kwenye orodha yao ya heshima. Machozi yale waliyaweka mahali.

KipaWaAkiba
Na 2002 Fiorentina wakafilisika. Wakati wanamuuza madeni yalikuwa yanawakaba. Sasa NambaSita, huyu aliondoka au aliachwa?

NambaSita
Alikuwa na miaka 31 na alitaka ubingwa wa ligi kabla miguu haijachoka. Klabu ilihitaji pesa. Ukiniuliza mimi, aliondoka, na bado wanampenda. Yeye na Kane hawaingii kwenye hoja yangu, naliona hilo. Van Persie, Campbell na Trent wanaingia. Mwenye mfano wa mtoto wa nyumbani aliyekuwa na makombe yote, akaondoka mwenyewe, bure, na akaimbiwa, alete hapa.

BekiKushoto
Nipe mpaka jioni.